Tone la Maji ya Bwawa: Habari za Hadubini na Viumbe Visivyoonekana kwa Macho

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maji ya bwawa la samaki. Huenda mtu akauliza, maji ya bwawa yana habari gani? Sote twayajua, twayapita kila siku, na watoto wetu huchezea kando yake. Walakini tukitwaa tone moja tu la maji hayo, tukalitazama kwa hadubini, twaona ya kuwa hatukuyajua hata kidogo.

Hadubini ni chombo chenye kioo kilichosuguliwa kwa ufundi, au vioo kadha wa kadha, ambacho hukuza kitu kidogo mpaka jicho likaweza kukiona. Ni ndugu yake darubini; ila darubini hutuletea kilicho mbali, na hadubini hutufunulia kilicho karibu ambacho kwa udogo wake kimefichika.

Tufikiri habari za mabwawa mawili katika kijiji kimoja. Maji ya bwawa la kwanza yamekuwa ya kijani, hata samaki hawaonekani. Watu wapitao wasema limeoza, na mwenyewe ashauriwa alifungue maji yote yaende zake. Bwawa la pili ni jeupe na safi. Changarawe zilizo chini zaweza kuhesabiwa, majani yameota ukingoni, na konokono wadogo wameshika majani hayo. Hapo ndipo watoto huoga mchana. Jicho lasema la kwanza ni baya na la pili ni jema. Kumbe mara nyingi kweli ni kinyume cha hayo: la kwanza ni ghala la chakula, na la pili laweza kuwa mlango wa ugonjwa. Jinsi wanadamu walivyopata kuyajua mambo hayo ndiyo habari yetu, na habari hiyo yaanza Uholanzi, kwa mtu mmoja mwuza nguo.

MWUZA NGUO WA DELFT

Katika mji wa Delft alizaliwa, mwaka wa 1632, mtoto aliyeitwa Antoni van Leeuwenhoek. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka vikapu, naye akafa mtoto angali mdogo. Kijana alipopata umri wa miaka 16 alipelekwa mji wa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo; na mwaka wa 1654 akarudi kwao, akaoa, akafungua duka la vitambaa. Baadaye wakuu wa mji wakampa kazi ya kutunza chumba cha baraza lao, na mwaka wa 1669 akapewa ruhusa ya kuwa mpima ardhi. Hakusoma katika chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, ijapokuwa siku zile vitabu vingi vya elimu katika Ulaya viliandikwa kwa lugha hiyo. Kiholanzi chake kilimtosha.

Wauza nguo walikuwa na desturi ya kutumia kioo cha kukuzia ili wahesabu nyuzi za kitambaa, wapate kujua kama kimefumwa vizuri ama hafifu. Kwa hiyo kioo cha namna hiyo hakikuwa kigeni kwa Leeuwenhoek. Tena habari za hadubini zilikuwa zimekwisha kuenea. Mwaka wa 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alitoa kitabu kiitwacho Micrographia, chenye picha kubwa za kiroboto na chawa na vitu vingine vidogo, na watu wengi wakastaajabu kuona kiroboto amechorwa kwa ukubwa wa kurasa mbili.

Hadubini ya Hooke ilikuwa na vioo zaidi ya kimoja ndani ya bomba, na vioo vya siku hizo vilikuwa na kasoro: ukikuza sana, kitu kilipata ukungu na rangi za upinde wa mvua pembeni. Leeuwenhoek alifuata njia nyingine. Alisugua kioo kimoja tu, kidogo kama punje ya ulezi, akakibana katikati ya vibamba viwili vya shaba vyenye tundu. Mbele ya tundu aliweka sindano ya kushikia kitu cha kutazamwa, pamoja na skurubu za kukisogeza taratibu. Chombo kizima hakikupita urefu wa kidole. Mtazamaji alikishika karibu na jicho, akaelekeza penye mwanga. Chombo chake kimoja kilichohifadhiwa huko Utrecht hukuza kitu kadiri ya mara 270. Katika maisha yake alitengeneza vioo zaidi ya 500, kwa mikono yake mwenyewe.

MAJI YA BERKELSE MERE

Mwendo wa saa mbili kutoka Delft palikuwa na ziwa dogo lililoitwa Berkelse Mere. Maji yake wakati wa baridi yalikuwa maangavu, lakini ilipofika majira ya joto yaligeuka meupe-meupe, na ndani yake yakaelea mawingu madogo ya kijani. Wakulima wa pale walisema sababu yake ni umande uangukao majira hayo. Samaki wa ziwa hilo walikuwa wengi, tena watamu.

Siku moja katika mwaka wa 1674 Leeuwenhoek alipita katika ziwa lile, upepo ukivuma kwa nguvu. Alichota maji kidogo katika chupa, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akayatazama kwa hadubini yake. Akaona nyuzi za kijani zilizojipinda kwa taratibu, mithili ya nyoka aliyejizungusha. Na katikati ya nyuzi hizo akaona viumbe vidogo vikienda huku na huku. Vingine mviringo, vingine virefu kidogo, vingine vyeupe, vingine vya kijani. Vilikwenda kwa wepesi sana, juu na chini na kwa kuzunguka. Alikadiri ya kuwa baadhi ya viumbe hivyo vilikuwa vidogo mara elfu kuliko vile vidogo kabisa alivyokuwa ameviona katika ganda la jibini.

Yafaa tuangalie neno hili. Wakulima wa Berkelse Mere walijua mambo mengi ya kweli. Walijua majira ya kubadilika maji, na walijua ya kuwa samaki wake ni wema. Waliloshindwa ni sababu tu, kwa kuwa sababu ilikuwa ndogo kuliko macho yao. Wala huo haukuwa ujinga wa wakulima peke yao; hapana mwanachuoni hata mmoja katika Ulaya aliyejua zaidi yao siku ile. Aliyejua alikuwa mtu aliyechota maji akayatazama.

Leeuwenhoek aliandika habari hizo katika barua, akaipeleka London kwenye chama cha wanazuoni kiitwacho Royal Society, ambacho tangu mwaka wa 1673 alikuwa akiandikiana nacho. Akaendelea kutazama maji ya namna nyingine: maji ya mvua, ya mto, ya kisima na ya bahari. Hata pilipili manga, ile iliyotoka nchi za mashariki katika merikebu, aliitia majini. Alitaka kujua kwa nini yawasha ulimi, akidhani labda punje zake zina miiba midogo. Miiba hakuiona, lakini maji yale ya pilipili yalipokaa majuma machache, akaona ndani yake viumbe vidogo kuliko vyote alivyopata kuviona, tena kwa wingi usiohesabika. Tarehe 9 Oktoba, 1676, akaandika barua ndefu ya kueleza hayo yote.

MASHAHIDI WANANE

Barua ile ilipofika London, wanazuoni walitazamana. Nani awezaye kusadiki ya kuwa tone moja la maji lina wakazi wengi kuliko mji mzima? Tena mwenye kusema ni mwuza nguo, na mwenyewe hakukubali kuwaeleza wengine namna yake iliyo bora ya kutazama. Hawakumwita mwongo, lakini hawakumsadiki vilevile. Wakataka ushahidi.

Hapa ndipo tuonapo fundisho kubwa la habari hii. Leeuwenhoek hakukasirika akaacha kazi. Mwaka wa 1677 aliwakaribisha watu wanane wenye kuaminika, miongoni mwao wachungaji wa makanisa na mwanasheria, akawapa kutazama kila mtu kwa jicho lake. Wakaandika hati na kutia saini ya kuwa wameviona viumbe vile vikitembea, maelfu kwa maelfu, katika maji yasiyozidi punje ya mtama.

Nao wanazuoni wa London hawakutosheka na hati tu. Walimwagiza Robert Hooke, yule mwenye picha ya kiroboto, ajaribu mwenyewe. Hooke aliloweka pilipili katika maji ya mvua, akatengeneza mirija ya kioo myembamba sana ya kutilia maji hayo. Mara ya kwanza hawakuona kitu. Akabadili chombo, akajaribu tena. Katika mkutano wa tarehe 15 Novemba, 1677, viumbe vikaonekana, vikiogelea, na waliokuwako wakaviona; mmojawapo alikuwa Christopher Wren, mjenzi mkuu wa kanisa la St Paul's la London. Shaka ikaisha. Mwaka wa 1680 chama kile kikamfanya Leeuwenhoek kuwa mmoja wao, yeye asiyejua Kilatini.

Basi maneno yake hayakukubaliwa kwa ajili ya cheo, maana hakuwa nacho. Wala hayakukataliwa kwa kuwa hana. Yalikubaliwa kwa sababu mtu mwingine, katika nchi nyingine, kwa chombo kingine, alifanya vilevile akaona vilevile. Sisi tufundishao walimu twaishika kanuni hiyo tunapotumia hadubini. Wanafunzi watatu hutazama tone moja, kila mmoja kwa zamu yake, naye huchora alichokiona kabla ya kusema neno na wenzake. Kisha michoro huwekwa pamoja. Mara nyingi mmoja amechora kope za jicho lake mwenyewe, na mwingine amechora povu la hewa. Lakini umbo lililochorwa na wote watatu lina haki ya kusadikiwa.

MWALIMU NA WANAFUNZI WAKE WAWILI

Leeuwenhoek aliishi karibu miaka 91, akafa mwaka wa 1723. Kwa kuwa siri ya ufundi wake bora alikufa nayo, kazi ilikwenda polepole baada yake. Maarifa yaliyofichwa huzeeka pamoja na mwenyewe. Aliyeleta mwendo mpya alikuwa mtu wa kazi kama yetu, yaani mwalimu.

Jina lake Abraham Trembley, aliyezaliwa Geneva mwaka wa 1710. Alikuwa akifundisha watoto wawili wa bwana mmoja mkubwa aliyekaa Sorgvliet, karibu na mji wa The Hague, huko huko Uholanzi. Mwalimu huyu hakuwafungia wanafunzi wake ndani na vitabu. Aliwachukua kwenda kuchota maji na majani katika mitaro na mabwawa ya pale, wakayatia katika vyombo vya kioo, wakayaangalia. Mwaka wa 1740 aliona juu ya jani la majini kitu kidogo cha kijani, kama uzi mfupi, chenye mikono myembamba kichwani. Je, ni mmea au ni mnyama? Kwa rangi kilikuwa mmea. Lakini kilijikunja kikiguswa, na kilitembea.

Trembley aliwaza hivi: mmea ukikatwa kipande huchipua, lakini mnyama akikatwa vipande viwili hufa. Basi akakikata vipande viwili. Baada ya siku chache kila kipande kilikuwa kizima tena. Chenye kichwa kimeota mkia, na chenye mkia kimeota kichwa na mikono. Kwa shauri lake mwenyewe jibu lingekuwa mmea. Hata hivyo hakufanya haraka. Akaendelea kutazama, akakiona kikinasa wadudu wa majini kwa mikono yake, kikiwameza na kuwala. Hapana budi ni mnyama, na mnyama wa ajabu. Kiumbe hicho huitwa haidra, kwa jina la joka la ngano za Wayunani lililoota vichwa vipya kila lilipokatwa.

Watu hawakusadiki, kama walivyofanya kwa Leeuwenhoek. Lakini Trembley hakuficha kitu. Alipeleka haidra hai Paris kwa mwanazuoni mkubwa Réaumur, akawapelekea na wengine wa nchi mbalimbali, pamoja na maelezo ya namna ya kuwatunza na ya kuwakata. Kila aliyekata aliona jambo lile lile. Mwaka wa 1743 Royal Society ikampa nishani yake ya heshima iitwayo Copley, na mwaka wa 1744 akatoa kitabu cha kazi yake yote. Miaka 4 ilitosha kuwafanya wataalamu wa Ulaya kusadiki jambo lililopingana na mawazo yao ya tangu zamani, kwa kuwa mwalimu yule aligawa maarifa yake pamoja na wanyama wenyewe.

Likabaki swali moja la ugomvi: viumbe hivi vidogo vyatoka wapi? Wengi walidhani vyazaliwa na uozo wenyewe, bila ya mzazi. Mfaransa Louis Pasteur, kwa majaribio aliyoyafanya karibu na mwaka wa 1860, alionyesha ya kuwa mchuzi uliochemshwa na kukingwa na vumbi la hewani hauoti kitu. Hata kidudu kidogo kabisa kina mzazi wake, na kina njia aliyoipitia mpaka kufika pale. Jambo hili la njia tutalikuta tena punde.

SHAMBA LA SAMAKI

Sasa turudi kwenye bwawa letu la kijani. Tukiweka tone lake chini ya hadubini, kwanza twaona mimea midogo isiyo na shina wala jani. Mingine ni vidonge vya kijani, mingine ni nyuzi kama zile alizoziona Leeuwenhoek, mingine ina ganda gumu kama kioo lenye nakshi. Hii yote twaiita mwani. Katikati ya mwani hupita viumbe vyenye uhai wa kutembea: kimoja kina umbo la wayo wa kiatu, chasukumwa na vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia, kingine kama kengele juu ya uzi, ambao hujikunja ghafula, kingine chaonekana kama kina magurudumu mawili kichwani yazungukayo. Tena wako viroboto wa maji, warukao-rukao, ambao jicho zima laweza kuwaona kama nukta. Mwili wao ni mwangavu, hata moyo waonekana ukipiga.

Mwani hutengeneza chakula chake kwa nguvu ya jua, kama mahindi yafanyavyo shambani. Viumbe vidogo hula mwani; viroboto wa maji hula mwani na viumbe vidogo; samaki wachanga hula viroboto wa maji; na wako samaki wakubwa ambao hula mwani wenyewe. Ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Ziwa Victoria, alipewa jina lake la kitaalamu mwaka wa 1928 na Mwingereza Michael Graham, aliyelikagua ziwa hilo katika miaka ya 1927 na 1928. Alimwita esculenta, yaani afaaye kuliwa. Wachunguzi waliotazama kwa hadubini vilivyomo tumboni mwa ngege wamekuta mwani ule mdogo uelealo majini. Basi mtu alapo ngege amekula, kwa njia ya samaki, nuru ya jua iliyoshikwa na mimea asiyoweza kuiona.

Ndiyo sababu mfuga samaki hutia samadi katika bwawa. Hawalishi samaki mavi ya ng'ombe, kama wengine wadhanivyo. Anarutubisha shamba la mwani. Na kila shamba lina kipimo chake. Mchana mwani hutoa oksijeni, ambayo samaki huvuta kwa mashavu yao. Lakini usiku, kwa kuwa hapana jua, mwani nao huivuta. Ukizidi mno, alfajiri samaki huja juu wakipanua vinywa kutafuta pumzi, na siku mbaya huweza kufa wote pamoja.

Iko njia nyepesi ya kupima. Funga kisahani cheupe kwenye ncha ya fimbo, ukizamishe taratibu mpaka kina cha kutoka ncha za vidole hata kiwiko. Kama chaonekana wazi hata hapo, chakula ni haba. Ongeza samadi kidogo. Kama kimepotea karibu na kina hicho, bwawa ni zuri. Kama kimepotea mara tu baada ya kuzama, kijani kimezidi; acha samadi, uongeze maji mapya. Watu wengine hupima kwa mkono wao wenyewe. Sisi twapendelea kisahani, na sababu yake yaonekana katika bwawa la pili.

KONOKONO WA MAJI MAANGAVU

Mwaka wa 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cairo, alipasua maiti akaona ndani ya mishipa ya damu minyoo midogo. Alitambua ya kuwa hiyo ndiyo iletayo ugonjwa wa kukojoa damu, ambao sisi twauita kichocho. Mayai yake yakitazamwa kwa hadubini huonekana yana mwiba: yale ya kichocho cha mkojo yana mwiba mwishoni, na yale ya kichocho cha tumbo yana mwiba ubavuni. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende; na huu ni mwiba ambao kwa miaka elfu nyingi watu wa bonde la Nile walichomwa nao bila ya kuuona.

Mnyoo ulijulikana, yai likajulikana, lakini njia haikujulikana. Zaidi ya miaka 60 madaktari walibishana. Wengine walisema waingia kwa maji ya kunywa. Wengine walisema watoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwaka wa 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha ya kuwa mnyoo wa kwao, ulio wa jamaa ile ile, hukua kwanza ndani ya konokono. Na mwaka wa 1915 Mwingereza Robert Leiper akaonyesha huko Misri ya kuwa minyoo ya kichocho ya Afrika nayo hufanya hivyo, kila aina na konokono wake.

Njia yenyewe ni hii. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au karibu na maji, mayai huangua, na kutoka ndani yake kiumbe kidogo chenye vinyweleo, ambacho chaogelea kutafuta konokono. Kisipompata kwa muda wa siku moja hivi, hufa. Kikimpata humwingia, na ndani yake huzidi kuwa vingi. Baada ya majuma kadha konokono hutoa viumbe vingine, vyenye mkia uliogawanyika kama panda ya manati, mamia kwa maelfu. Hivyo hutoboa ngozi ya mtu aliye majini na kuingia mwilini, naye pengine asisikie ila mwasho kidogo. Vile vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, na hiyo ndiyo saa ambayo watoto hupenda kuoga.

Haya ndiyo yawezayo kuwamo katika maji maangavu yenye konokono na majani. Hayana harufu, hayana rangi, yametulia. Huko Misri, na kwetu pia, katika Unguja na Pemba na kandokando ya Ziwa Victoria, mabibi kwa mabwana wamepata kichocho katika maji waliyoyasifu kwa usafi. Twasikia hata leo wazee wakisema kukojoa damu ni dalili ya mvulana kubalehe. Neno hilo halina ukweli. Ni dalili ya mnyoo, na mnyoo huo ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na ule wa tumbo huharibu ini.

Basi mwenye bwawa na afanye haya. Choo na kiwe mbali na bwawa, na kila mtu wa nyumbani akitumie. Majani ya ukingoni na yang'olewe, ili konokono wakose mahali pa kushika. Watoto wasioge bwawani. Na yeyote akojoaye damu apelekwe zahanati, akapimwe kwa hadubini. Siku hizi kuna dawa ya vidonge iitwayo praziquantel, ambayo huua minyoo hiyo. Lakini ajue ya kuwa dawa haimkingi akirudi katika maji yale yale.

NAMNA YA KUTAZAMA PASIPO HADUBINI

Wanafunzi watatuuliza: sisi tusio na hadubini tufanyeje? Mwaka wa 1696 Mwingereza Stephen Gray, ambaye kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi katika mji wa Canterbury, alieleza ya kuwa tone la maji lenyewe laweza kuwa kioo cha kukuzia. Pindeni ncha ya waya mwembamba iwe kitanzi kidogo, mkichovye katika maji safi hata tone lishike ndani yake. Kisha tazameni kupitia tone hilo herufi za kitabu, nanyi mtaziona zimekuwa kubwa.

Halafu chukueni kopo lililofungwa kamba, mchote maji ya bwawa pasipo kuingia ndani wala kulowesha mikono. Yamimineni katika bilauri nyeupe, muiweke penye mwanga, na nyuma yake karatasi nyeusi. Ngojeni kidogo. Mtaona nukta zirukazo. Hao ni viroboto wa maji. Huenda mkaona na uzi mfupi umeshika jani, wenye mikono, ule ule aliouona mwalimu wa Sorgvliet. Kila mtu achore kwanza, ndipo mzungumze. Na wenzenu wakiwacheka, msibishane nao. Wapeni bilauri watazame.

Tumesema habari za mwuza nguo, mwalimu, mtia rangi na madaktari, watu wa nchi mbalimbali na wa kazi mbalimbali. Kila mmoja alitazama maji ambayo wengine waliyapita, naye akawaonyesha wenziwe. Bwawa la kijani lingali likidhaniwa uchafu katika vijiji vingi, na maji maangavu yenye konokono yangali yakiaminiwa. Yeyote aliyesikia maneno haya, na ayapeleke kwa jirani yake mwenye bwawa kabla mtoto mwingine hajaingia kuoga.